Kijana, usiuziwe jezi mpya kwa bei ya gemu

Ndugu msomaji, leo tuweke kando majukwaa tuzungumzie mfuko wako. Nakuuliza wewe mwenye kibanda cha gemu, na wewe unayechezea sebuleni kwenye mashine uliyoinunua kwa jasho lako: ni lini utaacha kununua gemu za mashine iliyokwisha kupitwa? Mwaka huu? Mwakani? Au siku mashine itakapotoa moshi?

Usicheke. Najua wapo wazee watakaosema haya ni mambo ya watoto. Mambo ya watoto hayali mtaji wa mtu. Haya yanakula, tena kidogo kidogo kama mchwa, na wewe umekaa mlangoni unapokea sarafu ukidhani biashara inakwenda.

Tuitazame Kibaoni, mkoani Katavi. Ni mji mdogo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwenye barabara ya Kanazi–Kizi–Kibaoni. Nchi nzima inaijua kwa sababu ndiko kwao Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015. Lakini kuwa jirani wa Waziri Mkuu mstaafu hakumpunguzii mtu bei ya PS4. Kijana wa pale anaishi kama kijana wa Majimoto, wa Mpanda mjini au wa Sumbawanga: pesa inaonekana mpunga na mahindi yakishavunwa, halafu inapotea mpaka msimu mwingine. Akifungua kibanda chenye televisheni mbili na mashine mbili, mtaji huo umetoka kwenye magunia. Akikosea kununua, hana benki ya kumwinua. Anarudi shambani kusubiri mvua.

Kwa kijana huyo swali langu si la starehe hata kidogo. Yule wa Dar es Salaam au Mwanza akinunua CD isiyochezwa atanuna siku mbili. Wa Kibaoni amekula mbegu.

Tatizo la kwanza ni kwamba hakuna anayetangaza mwisho. Serikali ikitaka kukuzimia kitu, angalau inapiga mbiu. Unakumbuka televisheni za analojia? Tuliambiwa mapema kwamba mitambo itaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, halafu mikoa mingine ifuate. Watu walilalamika bei ya ving'amuzi, wakalaani, wakanunua. Unakumbuka simu feki? Tukatangaziwa kwamba zitazimwa Juni 2016, na kweli zikazimwa. Uchungu ulikuwepo, lakini tarehe ilikuwepo pia. Mtu mwenye akili alijua asinunue simu feki mwezi Mei.

Kwenye gemu hakuna mbiu wala mgambo. Jina Kibaoni maana yake ni mahali penye kibao, lakini katika biashara hii kibao cha kusema "barabara imeishia hapa" hakipo. Kampuni inaacha kutengeneza taratibu, muuza duka anaendelea kuuza, na wewe unaendelea kununua. Siku unagundua kwamba barabara iliisha kilometa nyingi nyuma, umeshachoma mafuta yote.

Hebu tuangalie historia, maana historia haina porojo.

PS2 ilitoka Japani Machi 2000. Ikauzwa duniani kuliko mashine nyingi zilizoitangulia na zilizoifuata, zaidi ya milioni 150. PS3 ilikuja Novemba 2006, lakini PS2 haikufa. Iliendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013. Ndiyo maana mitaani kwetu ilionekana kama mashine ya milele. Mtu aliyekuambia mwaka 2007 uache kununua gemu za PS2 kwa sababu PS3 imetoka alikuwa anakuingiza mjini. Mwaka huohuo wa 2007 ndipo ilipotoka God of War II, moja ya gemu bora kabisa za mashine hiyo, wakati mrithi wake ameshakaa sokoni miezi kadhaa.

Sasa angalia mwisho wake. Mwaka 2013 ilitoka PES 2014, na toleo la PS2 lilikuwamo. Ilikuwa miongoni mwa gemu za mwisho kabisa za mashine ile. Jalada lilisema 2014. Lakini mtambo mpya wa uchezaji ambao Konami iliutangaza kwa fahari mwaka ule, ule walioita Fox Engine, ulikwenda kwenye PS3 na mashine za rika lake. Mwenye PS2 hakuupata. Alipata majina na jezi za msimu mpya juu ya uchezaji wa zamani. Alilipia gemu mpya, akapewa nguo mpya.

Mchezo huohuo ulirudiwa kwenye PS3. FIFA 17 ilipotoka mwaka 2016, PS4 ilipata mtambo mpya wa Frostbite na hadithi ya yule kijana Alex Hunter anayehangaika kupata namba kwenye timu kubwa. PS3 ilinyimwa vyote viwili. Mwaka 2017 ikaja FIFA 18 kwa PS3, na safari hii kampuni ya EA haikuficha: iliita toleo hilo Legacy Edition na kueleza yenyewe kwamba uchezaji ni uleule wa mwaka uliopita, hakuna maendeleo mapya, isipokuwa timu na jezi. Mwaka 2018 ikaja FIFA 19 kwa mtindo uleule. Halafu kimya. Kwa PS3, mpira uliishia hapo.

Umeona, ndugu yangu? Mwenye mali alikiri kwa mdomo wake kwamba anauza jezi. Na bado watu walinunua! Kwa nini? Kwa sababu juu ya kasha kulikuwa na namba mpya. Namba ile ndiyo changa la macho. Inakufanya uone aibu kuwa na 17 wakati jirani ana 18, kama vile mteja anakuja kusoma kasha badala ya kushika pedi.

Mfano mwingine unatuhusu kama Watanzania. Mbwana Samatta alihamia Aston Villa Januari 2020, na Machi 1 mwaka huohuo akafunga bao kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley, ingawa Villa walilala 2-1. Kila kijana wa nchi hii alitaka kumshika Samatta mwenye jezi ya Villa. Wa PS4 walimpata. Wa PS3 hawakumpata, maana gemu yao ya mwisho ilitoka 2018, wakati Samatta yuko Genk ya Ubelgiji. Na Genk ndiko atakakobaki milele kwenye CD ile. Siku ile mwenye kibanda cha PS3 alipata ujumbe kuliko tangazo lolote la kampuni: wateja wanaopenda msimu mpya hawapo tena upande wako. Kuanzia hapo, kila CD ya mpira uliyoiongeza kwenye PS3 ilikuwa unamwita mtu aliyekwisha hama mtaa.

Basi mwisho unatambuliwaje? Nasema hivi, na naomba ukae nalo hata kama hukubaliani nami: acha kununua gemu za mashine kuukuu siku gemu mpya inapoacha kuleta mechi mpya. Wala si siku mashine mpya inapotoka Japani, au siku kijiwe kinapokucheka.

Nieleze kwa hesabu, ya mfano tu, wewe utaweka bei za kwenu. Tuseme CD imekugharimu sh. 40,000 pamoja na nauli ya kuifuata Mpanda. Tuseme unatoza sh. 500 kwa mechi. Wengi watakwambia: mechi 80 tu, pesa imerudi, ndani ya wiki mbili faida! Huo ni uongo, na uongo huu umewafilisi wengi. Vijana waliocheza mechi hizo 80 walikuwa wanakuja hata kabla. Wangecheza ile CD ya zamani, na sh. 500 zao ungezipokea vilevile. Kama CD mpya imewahamisha tu kutoka gemu moja kwenda nyingine ndani ya kibanda kilekile, haijakurudishia hata senti moja. Umetoa 40,000 ili wateja wako wabadilishe jezi.

CD mpya inalipwa na yule mteja ambaye asingekuja bila hiyo CD, na yule ambaye angecheza mechi mbili lakini sasa anacheza nne. Hao ndio wa kuhesabu. Chukua daftari la shule, andika mechi za kila siku kwa wiki mbili kabla ya kununua na wiki mbili baada ya kununua. Ila uwe makini na msimu: ukilinganisha wiki za kabla ya mavuno na wiki za baada ya mavuno, utaisifu CD kwa kazi iliyofanywa na mpunga. Pima kipindi ambacho pesa mtaani inafanana. Ikiwa mechi zimepanda, mashine yako bado ina uhai, nunua bila woga. Ikiwa zimebaki palepale, umepata jibu, na umelipata kwa daftari la mia chache badala ya kwa mtaji.

Na wewe unayechezea nyumbani usijione umepona. Daftari lako ni saa. Una gemu ngapi kabatini hujazimaliza? Ukinunua nyingine ya mashine ileile, utacheza saa nyingi zaidi kwa wiki, au utahamisha saa zilezile? Kama ni kuhamisha, umenunua kasha.

Hapa kuna jambo wengi hawalitenganishi, na linawagharimu. Gemu si za aina moja. Gemu ya mpira wa msimu ni kama gazeti la jana, thamani yake inaondoka na msimu. Gemu ya hadithi ni kama kitabu. GTA San Andreas ilitoka kwenye PS2 Oktoba 2004, na hadithi yake haijazeeka kwa sababu haikutegemea nani kahamia Real Madrid. Mtu ambaye hajawahi kuicheza, kwake ni mpya hata leo. Kwa hiyo unapoanza kufunga mkono, funga kwa mpangilio. Anza na mpira wa msimu, mara tu unapoona uchezaji wa mashine yako umeachwa nyuma na wanakuuzia majina. Gemu za hadithi ziache mwisho, tena hizo usizifukuzie zikiwa mpya. Kadiri mashine inavyozeeka, wenzako wanahama na kuuza CD zao kwa bei ya kutupa. Hapo mwenye subira ndiye mfalme.

Tena jiulize swali la urithi: CD hii ikibaki baada ya mashine kufa, nani atairithi? Hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. PS4 haisomi CD za PS3. Ukinunua gemu ya PS3, umeifunga na mashine ile kama mke wa ndoa ya kanisani: PS3 ikifa, CD inakuwa kioo cha kujitazamia. Lakini PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, mradi uwe umenunua ile yenye mahali pa kuingizia CD. Wapo watu wameuziwa PS5 isiyo na tundu la CD, wakafika nayo nyumbani na kasha kumi za PS4 mkononi, wakabaki wanatazamana nazo. Kwa hiyo ukiwa na PS3, ulipaswa kufunga mkono mapema, maana kila CD ilikuwa haina mrithi. Ukiwa na PS4, unaweza kuchelewa kidogo, maana CD utahama nayo. Mashine mbili zilizopitwa, hukumu mbili tofauti.

Na hali ya PS4 ikoje? Usisubiri niseme imekufa, haijafa. FC 26, ile iliyorithi FIFA baada ya EA na shirikisho la soka duniani kuachana, imetoka mwaka 2025 na PS4 imo. Lakini dalili nilizozieleza kwa PS2 na PS3 zimekwisha kuanza. Mwaka 2021 FIFA 22 ilikuja na teknolojia mpya ya miondoko ya wachezaji, ikapewa PS5, PS4 ikanyimwa. God of War Ragnarök ya Novemba 2022 ilitoka kwa mashine zote mbili. Spider-Man 2 ya Oktoba 2023 ikatoka kwa PS5 peke yake. GTA VI inayosubiriwa na dunia nzima imetangazwa kwa PS5 na Xbox za rika lake, PS4 haimo. Huo ndio mwendo wa mashine inayoagwa: kwanza inanyimwa kiungo kimoja, kisha inanyimwa gemu nzima, mwisho inaachiwa jezi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Je, maana yake kijana wa Kibaoni akimbilie PS5? Hapana! Hapo ndipo unapogeuka kuwa mteja wa tangazo. PS5 ikicheza gemu nzito inakula umeme kama wati 200, wakati PS2 ile nyembamba ilikuwa chini ya wati 50. Luku yako unaijua mwenyewe. PS4 na PS5 hazina zile waya tatu za nyekundu, nyeupe na njano. Zinataka televisheni yenye tundu la HDMI, kwa hiyo anayetoka PS2 na televisheni ya mgongo ahesabu bei ya mashine pamoja na bei ya televisheni. Gemu za siku hizi nazo, hata ukiwa na CD, mara nyingi hutaka kupakua nyongeza kubwa kwa intaneti, na bando lako silo la mtoto wa Masaki. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, inatolewa bure, lakini mlango wake ni intaneti, hivyo bure yake ina ada.

Ushauri wangu ni kuwa nyuma kwa hatua moja, usiwe nyuma kwa mbili. Wakati ulaya wako kwenye PS5, wewe kwenye kibanda uwe unajenga PS4, tena ya mkononi iliyokaguliwa. Hatua moja nyuma unapata mashine iliyoshuka bei, mafundi wanaoifahamu, CD za mkononi kila kona, na wateja ambao bado wanaihusudu. Hatua mbili nyuma unapata huruma ya wateja, na huruma hailipi kodi ya chumba.

Pesa itatoka wapi? Itatoka kwenye zile CD usizonunua. Rudi kwenye mfano wetu: kama ulikuwa unanunua CD tatu kwa mwaka za mashine kuukuu kwa sh. 40,000, hizo ni sh. 120,000. Miaka miwili ni 240,000. Mimi sikuambii zinatosha kununua PS4. Nakuambia ukiwa nazo mkononi baada ya mavuno, unaongea na muuzaji ukiwa umesimama. Ukiwa huna, unaongea naye ukiwa umepiga magoti.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana nawasikia wakinong'ona.

Yupo atakayesema: "Mimi sinunui, nachoma tu, CD yenyewe shilingi ngapi?" Kwanza, hiyo ni mali ya mtu, na ukikamatwa usinitaje. Pili, hata iwe bei ya karanga, hesabu yangu haibadiliki. CD mbovu inachosha kichwa cha kusomea cha mashine, na kichwa kikichoka fundi hataki karanga, anataka pesa. Kuna gharama nyingine usiyoiona: kila wiki unayoitumia kuhangaikia majina mapya kwenye mashine iliyokwisha, ni wiki hujaitumia kuulizia bei ya mashine itakayokutoa.

Yupo atakayesema: "Wateja wangu wanataka majina mapya." Sawa. Lakini tazama wenzetu wa Brazil. Tangu mwaka 2007 wapenzi wa PS2 kule wamekuwa wakiivisha gemu ya zamani ya Winning Eleven timu na wachezaji wa msimu husika, wakaiita Bomba Patch, na mamilioni ya vijana wa mitaa ya kimaskini wameikubali. Sikuambii uige. Nakuonyesha kitu: uchezaji mzuri ukishaupata, jina jipya ni kazi ya kalamu. Kampuni inalijua hilo, ndiyo maana iliweza kuuza FIFA 18 na 19 za PS3 bila kutoa jasho. Je, wewe utalipia kazi ya kalamu kwa bei ya kazi ya kiwanda?

Yupo wa tatu, na huyu namheshimu: "PS2 ndiyo iliyonilea, siwezi kuitupa." Nani amekuambia uitupe? Kuacha kununua na kuacha kucheza ni mambo mawili. Mashine yako ya zamani ibaki kwenye kona yake, kwa bei ya chini, kwa watoto wanaojifunza na kwa kaka zao wanaotaka kukumbuka. Inunulie pedi nzima, maana pedi iliyolegea ndiyo inayofukuza wateja kuliko CD ya zamani. Isafishe vumbi. Iwekee stabilaiza, umeme wetu unaujua ulivyo na hasira. Pesa inayotunza kitu ulicho nacho ni pesa halali. Pesa ninayoipigia kelele ni ile inayokwenda kununua namba mpya juu ya kasha.

Na yupo wa nne, huyu hasemi, anaona haya tu. Anaendelea kununua kwa sababu kuacha ni kukiri kwamba mashine yake imezeeka, na mashine ikizeeka kibanda kimezeeka, na kibanda kikizeeka yeye ameshindwa. Ndugu yangu, mashine kuzeeka si kosa la mtu. Vibanda umiza vya video viliishi kwa deki za kanda za VHS, zikaja CD, zikaja DVD, zikaja flashi, na kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki zile, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi Julai 2016. Waliofunga mkono mapema kwenye kanda wakanunua deki ya CD waliendelea kuonyesha picha. Waliokuwa wakinunua kanda mpaka dakika ya mwisho walibaki na makabati yaliyojaa utepe mweusi. Tofauti yao haikuwa utajiri, maana wote walikuwa walalahoi. Tofauti ilikuwa kujua siku ya kufunga mkono.

Kwa hiyo, kijana, kabla ya kupanda gari kwenda Mpanda kufuata CD nyingine, kaa chini na daftari lako ujiulize mambo matatu. Je, itanileteia mteja ambaye sasa hayupo? Je, ndani yake kuna uchezaji mpya, au ni jezi? Je, mashine hii ikifa, CD hii itachezwa wapi? Ukipata "ndiyo" kwa la kwanza, uchezaji kwa la pili, na mahali pa kueleweka kwa la tatu, nenda kanunue, na ukitaniwa kijiweni kwamba una mashine ya babu, wacheke na wewe uhesabu mshiko. Jibu la kwanza likiwa "hapana", mengine hayakuokoi. Weka pesa ile kwenye kopo la PS4.

Muuza duka hatakuambia lini uache, kwa sababu siku utakayoacha ndiyo siku atakayoanza kupata hasara yeye. Kampuni haitakuambia, kwa sababu inatengeneza kasha kwa gharama ndogo na bado unalilipia. Kijiwe hakitakuambia, kwa sababu kijiwe hakichangii luku. Umebaki wewe na daftari lako. Magunia yalikuwa yako, na tarehe ya kuacha uipange wewe.